Kifaru cha Smethwick na Chokaa ya Moscow

Kabla Birmingham haijaunda kifaru hata kimoja, ilikuwa tayari mji wa rangi. Katika miaka ya 1880 Frank Dudley Docker na kaka zake walifungua humo biashara ya vanishi, na miongoni mwa wateja wao walikuwamo waundaji wa mabehewa ya reli. Behewa la zama zile lilikuwa la mbao, na mbao isiyopakwa vizuri haidumu mvuani. Muuza rangi kwa hiyo aliingia viwandani kila wakati, akajua nani ana kazi na nani hana. Mwaka 1902 Docker aliziunganisha kampuni tano za mabehewa zikawa moja, Metropolitan Amalgamated Railway Carriage and Wagon. Miaka kumi na minne baadaye, jeshi la Uingereza lilipoagiza vifaru vyake vya kwanza, sehemu kubwa ya kazi iliangukia kampuni hiyo. Walikuwa na chuma, walikuwa na mafundi wa kugongomea ribiti, walikuwa na majengo marefu yenye reli ndani yake.

Aliyepewa kazi ya kuvipaka rangi vifaru hivyo vya 1916 alikuwa Solomon J. Solomon, mchoraji wa Royal Academy, mtu aliyezoea kuchora sura za waheshimiwa. Alivichora kama anavyochora turubai: mabaka ya kijani, ya kahawia, hata ya waridi, yakiingiliana ili jicho lipoteze umbo la chuma. Vifaru vikavuka bahari kwenda Ufaransa, na tarehe 15 Septemba 1916 vikaingia vitani mara ya kwanza huko Flers. Kazi yote ile ya sanaa ilifunikwa na tope. Kufikia mwaka uliofuata jeshi lilikuwa limeachana na mabaka na kupaka kahawia tupu, rangi ambayo tope lenyewe lingeipaka bure.

Naanza na habari hiyo kwa sababu kila aliyepaka kifaru rangi baada ya hapo, kiwe cha tani 16 au cha kukaa kiganjani, amekutana na jambo lile lile. Rangi ya kiwandani ni mwanzo tu. Ardhi na hali ya hewa hupaka zao juu yake, na askari waliomo ndani hupaka zao.

Vita vya Pili vilipokuja, Waingereza walijaribu kulifanya jambo la kujificha kuwa elimu yenye maabara. Makao yake yaliwekwa Leamington Spa, mji mdogo wa mapumziko ulio kilomita 30 na kitu kusini mashariki ya Birmingham, na waliokusanywa humo walikuwa wachoraji, wasanifu na walimu wa sanaa, Stephen Bone akiwa mmoja wao. Kazi yao kubwa haikuwa vifaru bali viwanda: namna ya kulifanya paa la kiwanda lionekane kutoka angani kama shamba au mtaa wa nyumba. Na njia waliyoitumia ndiyo inayonivutia. Walitengeneza mifano midogo ya viwanda, wakaipaka rangi kwa mkono, wakaiweka juu ya meza inayozunguka, wakaimulika kwa taa iliyosogezwa kama jua au mwezi, kisha wakapanda juu na kuitazama kama rubani atakavyoitazama. Edwin La Dell aliichora karakana hiyo mwaka 1940, na picha yake imo katika mikusanyo ya Imperial War Museum. Watu wazima, wengine wenye majina katika sanaa, wakiinamia vijumba vya mbao na kadibodi kwa brashi nyembamba, na nyuma ya kila kijumba kulikuwa na maelfu ya watu wenye zamu ya usiku.

Hawakuwa wakicheza. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 bomu liliangukia kiwanda cha silaha cha BSA huko Small Heath, Birmingham, na wafanyakazi 53 wakafa. Mpaka mashambulizi yalipokoma mwaka 1943, mji ulikuwa umezika zaidi ya watu 2,000.

Upande wa kaskazini magharibi, pale Birmingham inapogusana na mji wa Smethwick, ilikuwako kampuni nyingine ya mabehewa, Birmingham Railway Carriage and Wagon, iliyoanza mwaka 1854. Katika vita hivi nayo iliunda vifaru. Kilichotoka humo kwa wingi ni Valentine, kifaru kilichosanifiwa na Vickers na kuundwa Uingereza na kampuni tatu: Vickers yenyewe, hii ya Smethwick, na Metropolitan-Cammell, iliyokuwa mrithi wa kampuni ya Docker. Mbili kati ya hizo tatu zilikuwa za mabehewa, na mizizi yao ilikuwa katika eneo hili hili la Birmingham.

Valentine hakikuwa kifaru cha kutisha ukikitazama. Kilikuwa na urefu wa meta 5.4, kimo cha kuzidi kidogo meta 2, na mwendo wa kilomita 24 kwa saa kwenye barabara nzuri. Kilisanifiwa kitembee na askari wa miguu, si kuwakimbia. Ndani ya vile vya mwanzo walikaa watu watatu, wawili kati yao wamebanana katika kichwa kinachozunguka chenye mzinga wa milimita 40. Lakini kilikuwa imara, hakikuharibika ovyo, na kilikuwa kifupi, sifa ambayo askari huithamini kuliko msomaji wa vitabu. Jumla viliundwa 8,275, vikiwemo 1,420 vya Kanada.

Tarehe 22 Juni 1941 Ujerumani iliivamia Urusi ya Kisovyeti. Kufikia Septemba Warusi walikuwa wamepoteza vifaru kwa maelfu, na viwanda vyao vingi vilikuwa juu ya treni vikihamishiwa mashariki. Lord Beaverbrook, waziri wa ugavi wa Uingereza, akatangaza wiki moja ya mwezi huo kuwa wiki ya vifaru vya Urusi: kila kifaru kitakachomalizika ndani yake kitakwenda huko. Viwandani neno hilo lilipokelewa kwa moto. Walikuwamo wafanyakazi wengi wa mrengo wa kushoto waliokuwa wameiona vita hii kuwa ya mabwana, na sasa wakaiona kuwa yao. Balozi wa Kisovyeti, Ivan Maisky, alifika Smethwick na mkewe kupokea Valentine ya kwanza. Ilikuwa imepewa jina, STALIN, limeandikwa kwa herufi kubwa, na ilitoka kiwandani imezungukwa na mafundi waliovaa nguo za kazi, wake kwa waume.

Jina lile lilikuwa la sherehe. Rangi iliyobaki chini yake ilikuwa kijani cha kaki, iliyochaguliwa kwa mashamba na vichaka vya Uingereza.

Shehena ya kwanza ya vifaru vya Kiingereza, vifaru 20, ilifika Arkhangelsk tarehe 11 Oktoba 1941 katika msafara wa meli uliopewa namba PQ 1. Wafanyakazi wa vifaru walifunzwa Kazan, kwenye chuo cha jeshi kilichopo kando ya mto Volga, na mwezi wa Novemba Valentine za kwanza zilikuwa mstari wa mbele. Mpaka mwaka ulipokwisha Uingereza ilikuwa imefikisha vifaru 466, na 259 kati yake ni Valentine. Mwanahistoria Alexander Hill amekadiria kwamba mwanzoni mwa Desemba, Warusi walipojiandaa kuwasukuma Wajerumani kutoka Moscow, vifaru vya Kiingereza vilikuwa asilimia 30 hadi 40 ya vifaru vyao vizito na vya kati kwenye uwanja huo. Wapo wanaobishana naye kuhusu hesabu. Hata ukiipunguza, bado ni sehemu ambayo historia za Kisovyeti za baadaye ziliipitia haraka haraka.

Kufikia hapo ardhi ilikuwa nyeupe.

Warusi walikuwa wamelilipia somo la theluji miaka miwili kabla. Katika vita vyao na Finland, majira ya baridi ya 1939 na 1940, vifaru vyao viliingia misituni vikiwa vya kijani na kuonekana kutoka mbali, huku Wafini wakiteleza kwa skii wamevaa nguo nyeupe kuanzia kofia. Kabla vita hivyo havijaisha walikuwa wameanza kuvipaka vyeupe. Wajerumani walichelewa zaidi. Walitarajia kumaliza kazi kabla ya baridi, na Novemba 1941 iliwakuta na magari ya kijivu cheusi katikati ya weupe. Wakapaka chokaa na chaki, wakafunika mitambo kwa mashuka na vitambaa vya meza walivyovichukua katika nyumba za watu.

Rangi ya theluji ya Jeshi Jekundu haikuwa rangi ya kudumu. Ilikuwa chaki au chokaa iliyokorogwa kwa maji na gundi kidogo, ikapakwa kwa brashi pana, kwa ufagio, kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mti. Kusudi lake lilikuwa itoke. Theluji ikiyeyuka, kifaru cheupe kwenye tope jeusi kinaonekana kuliko kitu kingine chochote, na askari lazima aweze kukisugua kwa maji kikarudi kijani. Kwa hiyo fundi wa kikosi alitakiwa kupaka kitu chenye kushika kiasi, kisishike sana.

Msomaji wa pwani atalielewa jambo hili upesi, kwa maana chokaa anaijua. Ukuta wa Lamu umejengwa kwa mawe ya matumbawe, nao una vinyweleo. Chokaa inazama ndani yake, inavuta hewa na unyevu taratibu, inageuka jiwe tena. Kwenye chuma kilichokwisha kupakwa rangi ya mafuta haina pa kuzama. Inakaa juu juu tu, na baridi ya nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri haiipi nafasi ya kukauka inavyotakiwa. Ukiigusa inabaki mkononi.

Basi itazame Valentine moja baada ya wiki mbili za kazi. Kingo za mlango wa juu zimerudi kijani kabisa, na pale ambapo mabati mawili yanakutana chuma chenyewe kinang'aa, kwa sababu ndipo mikono na magoti ya watu watatu hupita kila siku. Ubavuni, ambapo askari wa miguu hupanda na kushikilia, chokaa imefutika kwa mafungu yenye ukubwa wa kiganja au wa soli ya buti la manyoya. Karibu na mdomo wa tangi la mafuta dizeli imechuruzika ikaufanya weupe kuwa wa rangi ya chai hafifu. Bomba la moshi limepaka masizi nyuma yake. Chini, karibu na magurudumu, weupe umekwisha kwa sababu minyororo hurusha theluji na mawe madogo bila kukoma. Lakini mahali ambapo hakuna mtu anayefika, kwenye kona ya nyuma ya kichwa, chini ya sanduku la vifaa, chokaa ingali nene, na njia za manyoya ya ufagio zinahesabika.

Hayo hayakuwa matatizo makubwa ya kifaru hicho, na ni haki kuyataja makubwa yenyewe. Minyororo ya Valentine ilikuwa myembamba kwa theluji ya Urusi, na juu ya barafu iliteleza hata kifaru kikashindwa kupanda mwinamo mdogo. Mzinga wake haukuwa na risasi ya kulipuka, kwa hiyo ulitoboa chuma lakini haukufaa sana dhidi ya mahandaki na mizinga iliyochimbiwa. Warusi walilalamika, na bado wakaendelea kukiomba. Kanada iliwapelekea takribani vyote ilivyounda, na Uingereza iliendelea kukiunda mpaka mwaka 1944, wakati jeshi lake lenyewe lilikuwa limekwisha kuhamia kwenye vifaru vingine.

Vifaru vya aina hii hii vilikwenda pia kwenye jua. Huko Libya na Misri vilipakwa rangi ya mchanga. Tarehe 5 Mei 1942 Waingereza walipoteremka karibu na Diego Suarez, kaskazini ya Madagaska, walikuwa na Valentine kadhaa. Vijana wa Afrika Mashariki wa brigedi ya 22, wengi wao wakizungumza Kiswahili, walifika kisiwani mwaka huo huo na kushiriki katika kampeni iliyomalizika Novemba. Nikifikiria kwamba chuma kilichokuwa kikivuka barafu ya Urusi na kilichokuwa kikipigana ng'ambo tu ya Komoro kingeweza kutoka katika jengo moja la Smethwick, naona ukubwa wa vita vile kwa namna ambayo ramani haijawahi kunionyesha.

Kampuni ya Smethwick ilirudi kwenye reli baada ya vita, ikaunda vichwa vya treni vya dizeli, na mwaka 1963 ikasimamisha kazi. Karibu na wakati huo huo ilianza historia ya vifaru vidogo kama tunavyovijua leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa mfano wa plastiki wa kifaru cha Kijerumani cha Panther, ukiwa na mota ndani. Ukubwa wake ulipangwa ili betri ziingie, na walipopima wakakuta ni sehemu moja ya 35 ya kifaru cha kweli. Kipimo hicho kilichotokana na betri ndicho kilichotawala ulimwengu wa mafundi wa mifano mpaka leo. Kwa hesabu hiyo Valentine inakuwa na urefu wa sentimeta 15 na nusu. Tamiya yenyewe na MiniArt ya Ukraine zimetoa mifano ya Valentine, na fundi anayeishi Birmingham anaweza kuiunda kilomita chache tu kutoka mahali ambapo vile vikubwa vilitoka.

Kupaka chokaa kwenye mfano huo ni kazi inayohitaji kuzirudia hatua za kihistoria kwa mpangilio wake. Kijani hutangulia, na hupakwa kikamilifu kana kwamba theluji haitakuja kamwe, kwa maana ndivyo kilivyotoka kiwandani. Namba na alama hubandikwa juu ya kijani. Halafu hupulizwa dawa ya nywele ya kopo, ile ya saluni, tabaka jembamba linaloyeyuka kwa maji. Juu yake ndipo huja nyeupe, rangi ya akriliki iliyozimuliwa sana, nayo isiwe nyeupe kabisa: tone la kijivu au la mchanga huiondolea ukali, kwa sababu kitu kidogo kikipakwa nyeupe tupu huonekana kama mdoli. Penye namba, brashi huzunguka bila kuigusa, kama askari wengi walivyofanya, ili wenzao wasiwafyatulie.

Kisha hulowanishwa kwa maji ya vuguvugu, sehemu moja baada ya nyingine. Dawa ya nywele hulainika chini, nyeupe hulegea, na brashi fupi ngumu huanza kuiondoa. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kukwangua kila mahali sawasawa. Fundi mzuri hujiuliza mtu angepita wapi. Dereva wa Valentine alikaa mbele katikati, naye alitoka kwa vifuniko viwili vilivyo juu ya kiti chake. Basi bamba la mbele ya vifuniko hivyo lazima liwe limefutika. Kamanda alipanda kichwani kwa kukanyaga vikinga matope vilivyo juu ya minyororo, na hapo pawe pamelika. Upande wa nyuma wa kichwa pasiguswe. Michirizi ya wima huongezwa kwa rangi ya mafuta ya msanii, kidogo tu, ikivutwa chini kwa brashi yenye unyevu wa tapentaini, kwa kuwa chokaa iliyolowa theluji huteremka ikifuata ribiti na pembe za bati.

Nawaheshimu sana wanaofanya hivi kwa uangalifu, na sababu yangu ni ya kihistoria. Picha za vita ile ni nyeusi na nyeupe, nyingi zikiwa na ukungu. Vifaru vilivyobaki kwenye majumba ya makumbusho vingi vina rangi za baadaye, na kitu kilichopakwa ili kitoke hakingeweza kukaa juu yake kwa miaka 80. Basi kazi iliyofanywa kwa ufagio na kijana mwenye vidole vilivyokufa ganzi, pengine usiku wa kuamkia shambulio, haikuachwa mahali popote ila katika picha chache na katika mikono ya watu hawa wanaojifunza upya jinsi ilivyokuwa ikifutika.

Anayetaka kifaru cha Smethwick kilichopigana mbele ya Moscow, basi achague Valentine ya mwanzo, Mark II, yenye injini ya dizeli ya AEC na mzinga wa milimita 40. Zile zenye mzinga mrefu zaidi wa milimita 57 au 75 zilikuja baadaye. Asiweke vikinga mchanga vya pembeni vinavyoonekana kwenye picha za Libya. Na akitaka kukionyesha mwezi wa Machi 1942, aongeze maji, asugue zaidi, aache nyeupe kwenye mifereji ya ribiti na nyuma ya masanduku tu, kisha chini apake tope la kahawia.